Nje ya Mlango

Saa nne na dakika kumi nimetoka chumbani.
Nimeacha miwani juu ya makabrasha,
nimeacha chai nusu kikombe,
nimesimama kwenye korido ya hosteli, Kiloleni,
kama mwanafunzi aliyechelewa paredi.

Ndani wanajadili matofali.
Mmoja wa wanaoyauza ni Mihayo.
Mihayo ni mtoto wa dada yangu.

Nilisema mwenyewe, kabla ajenda haijafunguliwa.
Haji Songoro akacheka: "Mzee Kasanda, hapa nani si ndugu?
Tabora nzima ni mashemeji na mabinamu. Kaa."
Bi Mwashi hakucheka.
Aliinuka kitini pa mwenyekiti, akanifungulia mlango.

Waliponiita niwe mdhamini
nilidhani ni heshima: kiti cha mbele siku ya mahafali,
soda baridi, jina langu kwenye kibao cha bati.
Nikashona suti kwa fundi wa Ng'ambo.
Hakuna aliyeniambia kuwa ndani ya suti ile mna deni,
kuwa kibao kile kinaionyesha mahakama
mlango wa kupiga hodi.

Mwaka wa kwanza nilisaini cheki tupu. Naandika, sifichi.
Katibu alizileta nyumbani, nne, hazina hata tarehe:
"Mzee, nakupunguzia safari, jua hili."
Nikasainia gotini. Nikamkaribisha ugali.

Usiku ule reli iliniamsha.
Miaka thelathini na moja nimekaa stesheni,
Malongwe, Usinge, Urambo,
na sikuwahi kumwachia dereva njia bila tokeni mkononi.
Hata awe anapiga honi.
Hata awe amebeba mkubwa.
"Namwamini mwenzangu wa stesheni ya mbele" si tokeni.
Imani haijawahi kuzuia
vichwa viwili vya treni kukutana porini.

Alfajiri nilimfuata katibu nikazidai karatasi zangu.
Tatu zilirudi.
Ya nne ilikwisha kuwa matairi.

Na fedha ile ilitoka kwa akina mama wa Sikonge.
Waliuza asali, wakatamka neno moja: magodoro.
Magodoro si matairi,
hata kama gari ni la hosteli,
hata kama safari ilikuwa ya kumpeleka mtoto hospitali.
Nililipa kwa pensheni, miezi saba.
Mke wangu hakuuliza kitu. Alipunguza nyama.

Tangu hapo nasoma. Katiba ya mfuko, kurasa kumi na tisa,
nilikuwa nimeiapia bila kuifungua.
Nauliza ya kijinga: salio la mwezi jana limelala wapi?
Risiti ya Januari na ya Juni, mbona wino ni mmoja?
Wananiita Mzee Risiti.
Sawa.

Mihayo ana tofali zuri. Nimelala nyumbani kwake masika,
sikusikia tone.
Au ni zuri kwa sababu ana macho ya dada yangu.
Ndiyo maana nipo koridoni.

Fimbo inakuja ikigonga sakafu. Nyanzobe, wa darasa la tano.
Anasimama, anageuza shingo.
"Nani anapumua hapa?"
"Mimi, Kasanda."
"Wamekufukuza?"
"Nimetoka mwenyewe."
"Mh."
Anapitisha kidole ukutani, mchanga unamwagika
kama unga kwenye chekeche.
"Huu saruji waliila," anasema,
anakung'uta mkono kwenye sketi, anaondoka zake.

Wamejenga kina nani ukuta huu? Nilitafuta kwenye mafaili.
Muhtasari wa kikao kile umeandikwa: *wote waliafiki.*

Saa nne na dakika hamsini na mbili wananiita.
Siulizi. Nasomewa.
Mihayo amekosa, kwa shilingi thelathini kila tofali.
Chini yake, kwa mwandiko wa Bi Mwashi:
*Mjumbe Kasanda alitoka. Mjumbe Kasanda alirudi.*

Chai imepoa, nimeinywa hivyo hivyo.

Jioni dada alipiga simu mara mbili.
Ya tatu nikapokea.