Dakika Tisa

Meza tumeivuta dirishani, mtandao unaposhika.
Daftari ni la mjukuu, limebaki kurasa chache;
Chilongani kaligeuza kichwa chini, kaanza kwa nyuma:
Siku. Mji. Treni. Kulala. Bei.
Mwandiko wake bado ni ule wa Kintinku,
saba anaikata kiunoni,
sifuri anaifunga kama geti.

Roma siku tatu. Hapo hatukugombana.
Venisi niliitaka mimi, naye akauliza, Venisi kuna nini?
Nikamwambia kuna maji.
Maji mtaani, maji mlangoni, maji chini ya kitanda cha mtu,
na mimi hapa Chang'ombe bomba linakohoa Jumanne na Ijumaa,
naamka saa tisa usiku kupanga ndoo.
Nataka nisimame darajani niyatazame
yakipita bila mtu kuyakinga.
Akaandika: Venisi, siku mbili. Hakuniangalia.

Kisha Berlini, kwa Nyemo.
Nyemo katuma ujumbe: njiani mtabadili treni Munich,
msihofu, dakika tisa zinatosha.

Dakika tisa!
Akavua miwani.
Huyu mtu miaka thelathini na mmoja kavaa kofia ya stesheni,
akaandika kwa chaki, Ya Kigoma imechelewa saa sita,
akafuta, akaandika kumi na moja,
na mimi nyuma ya ofisi nikiwakorogea uji abiria wenye watoto.
Mwaka ule mafuriko yalipokata tuta la Gulwe
tulikaa na behewa zima siku nne,
kuku wakaisha, hata yule aliyekuwa ameatamia.
Leo mtoto wake wa kumzaa anamwambia dakika tisa.

"Tutalala hapohapo," akasema. "Tushuke leo, tupande kesho."
Nikamwambia kulala huko ni bei ya mbuzi wawili.
"Mbuzi huzaa," akasema. "Treni ikishaondoka haizai."

Ubalozi nao unataka kujua tutalala wapi,
usiku baada ya usiku, mtaa na namba ya mlango.
Marehemu mama mkwe alitoka Mvumi kwa miguu
mwaka wa njaa, akaenda Kondoa kuhemea,
wala hakujua usiku wa kwanza utamkutia kwa nani.
Alijua tu utamkutia kwa mtu.
Sisi tunalipa vitanda kabla ya kuviona
ili tuaminiwe kwamba tutarudi.
Zabibu za Mpunguzi zinaiva Septemba, nani atazivuna?
Andika hiyo, nikamwambia, hapo penye sababu za kurudi.
Akaiandika.

Praga tumeikata.
Paris pia, na ndiyo kila mtu atakayoiulizia.
Mama Mbeleje wa jirani ataulizia mnara,
nitamwambia siku hiyo kulikuwa na ukungu.
Kiinua mgongo chake na fungu langu la kikoba
nimevijumlisha mara tatu, mara zote tofauti.

Sasa ni saa nne usiku, upepo wa Julai unagonga bati.
Kachukua kalamu nyekundu, rangi aliyoandikia ajali
na treni maalumu, akaandika:
Siku ya sita. Munich. Stesheni.
Mahali pa shughuli kaandika neno moja: kukaa.

Kukaa kufanya nini?
Anataka benchi, asubuhi mpaka jioni,
na ubao unaotaja saa,
na treni iingie saa hiyohiyo,
halafu nyingine,
na kusiwe na mtu hata mmoja wa kumwomba radhi.

Sikubisha. Nimeiomba kalamu,
nikaongeza pembeni: mkate, chai ya chupa.
Na chini kidogo, kwa penseli, swali la kumuuliza Nyemo kesho
akitoka zamu:
mabenchi ya huko yana egemeo?