Korja Pungufu

Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu.
Boriti ishirini, korja moja. Mazio ishirini, korja moja.
Chaki nyuma ya sikio, daftari kwapani,
kila mti uliotoka mikokoni ulipita machoni pangu
kabla haujapita begani mwa mtu.

Mwaka ule bei ilipanda, tukafurahi.
Hatukuuliza Mtaliani wa Mogadishu anajenga nini.
Bega haliulizi.
Tajiri akisema korja mia mbili, twasema inshallah,
na magharibi tunanunua mchele.

Swali lililetwa na Bwanaadi,
aliyekoka moto wa meli za watu miaka kumi na mmoja,
akarudi Lamu na kikohozi, kidole kimoja pungufu,
na maneno ya kuokota bandarini:
mgomo, chama, fashisti.
Hilo la mwisho tulidhani ni jina la maradhi.
"Ni maradhi," akasema, "ila haya huvaa buti."

Kisha wakaja wenyewe, Wahabeshi.
Wameshuka na Mto Tana, Hiribae Komora kawaleta toka Kipini,
tukawalaza ghalani, juu ya magunia ya makumbi.
Mama mmoja, Belainesh, mikono imechubuka
kama aliyeikoroga chokaa mbichi.
Tulidhani kaungua jikoni. Akaonyesha juu.
Akafanya kwa vidole: ndege. Akafanya: mvua.
Mvua gani ichomayo?
Mwanawe kakaa nje anahesabu boriti zetu,
andi, huleti, sosti,
nami bila kujua nikawa nahesabu naye.

Meli ikatia nanga Jumanne.
Bwanaadi akaketi juu ya rundo.
Hakuhutubu. Alikohoa kwanza.
"Mti huu hapa ni mti. Kule ni paa la kambi.
Chini yake atalala rubani."
Akaketi Hiribae. Akaketi Famau, mwenye deni la mahari.
Wakaketi Wabajuni, wakaketi Washihiri,
na jana tu walishikana mashati kwa ajili ya zamu.
Nasema kweli, maana daftari halikuandika:
mimi niliketi wa mwisho.

Melini akashuka mpiga makaa, Mtaliani, Renzo,
kwa masizi mweusi kutushinda.
Alimjua Bwanaadi tangu Marsei.
Hawakusemezana sana. Alitoa lira zake zote,
noti ambazo hakuna duka la Lamu lingezipokea.
Nikaziandika.
Nikaandika na Washihiri, ujira wa siku ambao hawakuupata.
Famau, shuka moja, ina kiraka.
Mwana Esha, mahamri kumi na mawili,
akasema usiandike, nikaandika.

Hatukuisimamisha dunia.
Meli ilikwenda kupakia kwingine, nasikia ilijaa.
Tajiri alikuja na mwavuli, akatutaja mmoja mmoja,
na kwa siku tisa nyumbani kwangu
chungu kilipikwa maji na chumvi.

Siku ya kumi serikali ikataka orodha:
wageni wote, wapelekwe kambini bara.
Nikawapanga mbele ya ghala. Nikahesabu.
Kumi na tisa.
Nikarudia. Kumi na tisa.
Mkono wangu umezoea: korja pungufu haifungwi,
haipigwi mstari, haiondoki.
Nikasimama na kalamu, askari anatazama saa,
Belainesh anatazama mkono wangu.

"Niandike mie," akasema Bwanaadi,
akaja akasimama mwisho wa safu,
anakohoa, kofia mkononi.

Nikamwandika.
Kabila: mpiga makaa.
Atokako: motoni.
Aendako: nikapaacha wazi.
Mvulana akagusa kila kifua kwa kidole, taratibu,
alipofika kwa Bwanaadi akatamka neno la ishirini kwao,
nami nikapiga mstari.