Saa Tisa Kasoro

Saa ya mkononi niliiuza Kamalondo
kwa chupa mbili za lutuku; chenji sikuhesabu.
Hii nyingine, ya kichwani, haina mnunuzi.

Miaka tisa ya zamu za usiku, tanuru la shaba, Lubumbashi.
King'ora kikilia saa tisa, koo lilishalowa.
Tanuru likazimwa. King'ora wakakiuza kama chuma chakavu.
Ubongo haukuambiwa.

Dakika kumi kabla, mate yanajaa.
Furaha inaitangulia chupa mlangoni,
inapiga hodi, inakuta maji.

Daktari anasema: ota jua la asubuhi,
saa itajirekebisha polepole.
Mwadi hasemi kitu. Anawasha taa, anakaanga karanga,
ananihesabia:
tisa na robo.
Tisa u nusu.

Jogoo wa kina Kyungu, mpumbavu yule,
anawika kabla ya wakati.
Namshukuru.