Mstari Angani

Ujumbe uliingia saa kumi na moja alfajiri,
theluji ya Riga ikiwa bado haijaamua kuanguka:
"Bidhaa yako imesimamishwa. Mnunuzi anashuku ni bandia.
Una siku tano za kuthibitisha."

Siku tano.
Baba aliilipia kwa miaka miwili.

Mnunuzi, Bwana Ottavio wa Torino,
amechora duara jekundu kwenye picha zangu:
hapa, asema, herufi za jina zimelala kidogo;
hapa, skrubu hii si ya kiwandani.
Anajua mengi, sikatai. Anajua kwamba zamani, huku kwetu,
mafundi walikwangua kamera rahisi
wakazichonga jina la Kijerumani.
Asichojua ni kwamba skrubu ile niliipoteza mimi,
mtoto wa miaka sita, ikazama kwenye ufa wa sakafu,
baba akatia ya cherehani.

"Ambatisha risiti."

Risiti! Nyumba tuliihama usiku,
watu wakabeba mkate na mablanketi;
nani angekumbuka karatasi ya duka?
Nikaipiga picha ubavuni, tumboni, kisogoni,
nikaiegemeza kwenye gazeti la leo
kama mateka anayesubiri fidia.
Mashine ikanijibu kwa adabu ya mashine:
"Ushahidi hautoshi. Asante kwa uvumilivu wako."

Bandia. Neno likakaa nami mezani.
Meno yangu ya chini ni bandia,
na yametafuna kweli miaka kumi na tisa.

Usiku wa tatu nikateremsha kopo la biskuti
lenye mikanda ya picha, nikaiinua mbele ya taa.
Mama ufukweni. Harusi ya shangazi Mirdza.
Ng'ombe tuliyemuuza. Jeneza la babu.
Na juu ya vichwa vyote, mahali palepale,
mkwaruzo mwembamba kama unywele,
kutoka ukingo hadi ukingo wa anga.
Utotoni niliuliza, baba akasema ni waya wa simu,
hata kule baharini, kusiko na nguzo.

Kumbe ndani mna kijino cha chuma
kinachokwaruza kila filamu ipitayo.

Nikatia filamu mpya. Nikapiga tramu, dirisha,
mbwa wa jirani aliyekataa kutulia.
Fundi Visvaldis akaisafisha: waya ule, upo.
"Hii yathibitisha ni ya baba yako, Skaidrīte,"
akasema, akitafuta bisibisi,
"haithibitishi ni ya kiwanda."
Akaifungua. Chini ya kifuniko, namba ileile ya juu,
imepigwa na mkono usiotarajia kukaguliwa.
Akaandika cheti, akagonga muhuri mara mbili,
moja kwa ajili ya mashine, moja kwa hasira.

Siku ya tano, alama ya kijani. Halisi.
Ottavio akaandika: samahani, nimetapeliwa mara mbili.
Sikumjibu vibaya. Aliyeumwa na nyoka
hushtushwa na ung'ongo, na paa langu linavuja.

Nimeifunga kwa soksi ya sufu, nikatia na barua:
"Bwana, kamera hii huchora mstari angani.
Fundi yeyote ataweza kukisugua kile kijino,
ni kazi ya dakika tano.
Lakini usipotaka"

nikaacha hapo,
nikabandika gundi.