Kamba ya Ng'ombe

Kocha Mwaipopo alitufundisha kung'ata.
"Kila mtu na mtu wake," alisema.
"Akienda kunywa maji, mshikie kikombe.
Akienda chooni, msubiri mlangoni."
Tukang'ata misimu miwili.
Mimi, namba tatu, niliwajua mawinga kwa jasho lao,
kwa kikohozi, kwa namna wanavyovuta soksi.
Uwanja wenyewe sikuwahi kuuona.

Mwaipopo akahamishwa. Na Januari,
mvua ya Tukuyu ikinyesha kama haina kwao,
akaja Bi. Tweve, mkufunzi wa jiografia,
Mkinga wa Makete, sweta la kijani, gambuti,
goti moja lisilokunjika vizuri.
Begani, kamba. Ile ya kufungia ng'ombe,
bado inanuka zizi.

Ambakisye, namba tano, akacheka kwa pua.
"Sasa tunakwenda machungani?"
Hakujibiwa. Akafungwa wa kwanza, kiunoni,
hatua nane Lugano, hatua nane Gwamaka,
na mimi huku mwisho, upande wa migomba.
"Mpira ukienda kulia, nyote kulia.
Ukirudi, rudini.
Sitaki kuona watu. Nataka kuona mstari."

Wiki nzima tulianguka kama mkungu uliokatwa vibaya:
akiteleza mmoja, wanne topeni.
Wasichana wa mwaka wa kwanza, wakitoka kufua,
walisimama na mabeseni kichwani
kutazama sarakasi ya bure.
Usiku nilikuta alama tumboni, nyekundu,
kama mkanda wa mtu mwingine.

Mechi ya kwanza bila kamba: nne bila.
Vijana wa Chuo cha Kilimo walipita katikati yetu
maana Ambakisye alisahau mstari, akafuata mtu,
akamfuata mpaka kibendera cha kona,
nyuma yake likabaki shamba lisilo na mwenyewe.

Tukamwandikia mkuu wa chuo barua. Nami nilitia sahihi.
Tuliomba Mwaipopo arudi, au yeyote anayeujua mpira.
Barua ikaishia mikononi mwa Bi. Tweve.
Aliisoma mbele yetu, polepole,
akasahihisha kwa kalamu nyekundu
"r" mbili tulizoziweka penye "l",
akaikunja, akaichomeka ndani ya gambuti.
"Haya. Kamba."

Sijui ilikuwa siku gani.
Pengine Jumanne ile fundo lilipofunguka
na hakuna aliyesimama kulifunga.
Tulikwenda kulia, tukarudi,
kamba ikiburuzwa topeni nyuma ya Lugano
kama mkia wa mnyama asiye na haraka.
Bi. Tweve aliona. Hakupuliza filimbi.

Marudiano, Aprili. Dakika ya sitini
ukungu ukashuka kutoka Rungwe,
ukameza goli la mbali,
halafu duara la kati, halafu mwamuzi.
Winga wangu nilimsikia miguu tu,
chapa, chapa, kwenye maji.
Zamani ningeifuata ile sauti.
Nikabaki.
Nikahisi kiunoni kitu kikinivuta kidogo, mbele:
Ambakisye, hatua nane kutoka kwangu, haonekani,
amepanda.
Nikapanda.
Kibendera kikainuka, chekundu kwenye weupe.
Ameotea.
Winga akasimama nyuma yetu peke yake, mikono kiunoni,
akiuuliza ukungu kosa lake.

Tulifungwa moja, kwa penalti. Mkono wa Gwamaka,
hatubishi.
Bi. Tweve alituhesabu tulipotoka,
mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne,
kama mtu anayekagua vigingi vya mpaka.
"Moja si nne," akasema,
akaondoka na goti lake.

Ambakisye alibaki uwanjani na kamba.
Aliikunja taratibu, kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko,
akikung'uta tope kila mzunguko,
kama mtu anayejua
kesho asubuhi ataihitaji.