Kuanzia Re

Kinanda cha usharika wetu, Bulongwa,
kilipanda mlima juu ya lori la viazi,
vibao vyake vyeupe vizima, vyeusi vizima.
Kisha zikaja Juni mbili za barafu kwenye majani,
na panya wa stoo, ambao hawana dini.
Vyeupe vilipona.
Ukibonyeza cheusi unasikia mbao tu: tk.

Mimi ndiye mwalimu wa kwaya.
Nilifundishwa chuoni kwamba furaha huanza do,
huzuni huanza la,
na kila wimbo wa binadamu hupita mlango mmoja kati ya hiyo miwili.

Akaja Enesia Tweve, mikono inanuka pareto,
na wimbo alioutunga mwenyewe akichuma,
wa mumewe aliyekwenda Chunya kwenye dhahabu
akaandika barua moja.
Nikaisikiliza sauti ya tatu: iko chini, imeinama.
Nikasema moyoni, huzuni hii.
Nikaandika la.

La, ti, do, re, mi,
tukapanda vizuri, kama majirani wa kilima kimoja.
Kisha fa yangu ikakanyaga hatua fupi,
yake ikakanyaga ndefu,
tukasagana kama jino na mchanga ndani ya wali.

"Mama, hapo unapotoka."
"Sijapotoka. Ndipo hapo."
"Shusha kidogo, sikiliza kinanda."
"Kinanda hakimjui mume wangu."

Mara saba. Mara ya nane nikaitafuta sauti yake
ili angalau nijue anakosea kwa kiasi gani,
na ilikuwa kwenye cheusi, karibu kabisa na fa.
Tk.

Usiku ule ukungu ulilala mlangoni kama ng'ombe.
Nikafukua daftari la chuo, lile lenye doa la chai,
nikakuta mstari niliounakili bila kuuelewa:
Modi ya Doria. Re mpaka re.
Nikacheka peke yangu. Doria naijua!
Ni mgambo mwenye koti refu na tochi
anayezunguka maduka ya Makete
wakati wenye maduka wanakoroma.

Alfajiri nikakanyaga mivukuto, kidole kwenye re.
Re, mi, fa:
ya tatu imeinama vilevile, msiba upo, haujaondoka.
So. La.
Nikavuta pumzi.
Ti.
Kibao cheupe. Kizima. Hatua ndefu, kamili.
Hakuna aliyeipandisha. Ilikuwa imekaa pale
tangu fundi wa kwanza apige randa mbao zake,
na mimi wiki nzima nabisha hodi kwa jirani.

Enesia alifika na ndoo yake, akasikia kutoka uani.
Hakusema nimepata.
Alisema, "Umechelewa, pareto limeshaota jua."

Lakini aliketi. Akaimba, nami nikamfuata,
nikaanza kuelewa anachokifanya.
Angeinua ile ya tatu, ungekuwa wimbo wa harusi.
Angeangusha ile ya sita, tungekuwa makaburini.
Naye hawezi kumzika mtu ambaye hajaletwa,
wala kumpikia mtu ambaye hajarudi.
Kwa hiyo fa anainama, anaokota ua,
na kwenye ti ananyanyua kichwa kutazama barabara.
Hatabasamu. Anatazama tu.
Sauti moja imevaa koti, imewasha tochi,
inazunguka nyumba ya huzuni
isije ikalala moja kwa moja.

Nimewaandikia kwaya ubaoni, kwa chaki:
TUNAANZA RE. TUNAISHIA RE.
YA SITA MSIIANGUSHE.

Soprano wameishika siku ya kwanza.
Besi bado wanaiangusha kila Jumatano;
wanasema ni baridi.
Enesia huwageukia, hasemi kitu,
huirudia peke yake, juu, mahali pake,
mpaka wanaume kumi na mmoja
wanaona aibu na kupanda.