Nafasi ya Vidole Vinne

Duka la Likumbo liko Mkuti, Masasi,
kati ya fundi viti na muuza salfa.
Vikinga mvua vya madirisha
kavitundika ukutani kwa waya,
jozi jozi,
kama nyusi za majitu zilizosubiri nyuso.

"Una gari gani?"
Pikapu. Singo kebini.
"Ya mwaka gani?"
Nikamtajia. Akaguna:
"Hiyo imemzidi umri mke wangu mdogo."

Akashusha vya moshi, vyeusi, vinang'aa,
ndivyo wanavyovitaka vijana wa siku hizi.
Akashusha vyeupe, unaona ng'ambo kama chupa ya maji.
Vya gundi: unabandika kwa nje, umemaliza.
Vya kuchomeka: vinakaa kwenye mfereji wa kioo,
havitoki hata kwa kimbunga,
ila kioo chenyewe kikiwa mzee
kitapanda kikilalamika.

Sikumwambia Likumbo safari zangu.

Kila mwezi nampeleka mama mkwe Ndanda, kupimwa presha.
Mwaka wa tatu sasa.
Yeye kwenye dirisha lake, mimi kwenye usukani,
katikati kikapu cha mihogo, na adabu.
Mkwe hatazamwi usoni.
Ukishamuuliza ameamkaje, umemaliza maneno ya siku.

Kiangazi si neno. Vioo viko chini,
upepo wa Newala unaongea kwa niaba yetu.
Lakini Januari mvua hutukuta mteremkoni,
tunapandisha vioo,
na feni ilikufa zamani, mikononi mwa aliyeniuzia,
basi kioo cha mbele kinavaa ukungu kwa ndani,
pumzi yake na pumzi yangu
zimelala pamoja pale juu
kinyume cha mila zote.
Mimi nafuta kwangu kwa kiganja,
yeye kwake kwa ncha ya kanga.
Tukikaribiana katikati
mikono inaruka nyuma
kama imegusa sufuria iliyo motoni.

Mwezi uliopita alishusha kioo chake kidogo tu.
Mvua ikamlowesha bega, toka Masasi hadi Ndanda.
Hakusema kitu. Nesi ndiye aliyeuliza.
Presha ilipanda siku ile,
na mimi pale benchini nilijua imepandia wapi.

"Chukua vya moshi," Likumbo akasisitiza, "gari ipate heshima."
Nikaweka kimoja machoni:
saa nne asubuhi, Masasi ikaingia magharibi,
majabali yake yote yakazimika.
Hapana.
Mama mkwe husafiri akihesabu mikorosho ya watu.
Namsikia akinong'ona peke yake:
huyu hakupalilia, huyu kapogoa vibaya, huyu kafa nini?
Siwezi kumzimia taa katika kazi yake.

Vyeupe, basi. Na vya gundi,
maana kioo changu cha kushoto
hata sasa hupanda kwa kusukumwa na mkono.
Thelathini na tano. Tukavutana mpaka ishirini na nane.
"Futa kwa spiriti, usioshe gari mpaka kesho kutwa,
na ukibandika kimepinda, usije kunililia."
Kimoja nilikibandika kimepinda.
Sikwenda kumlilia.

Safari ya juzi, wingu likapasuka palepale mteremkoni.
Nikashusha kioo changu vidole vinne.
Akanitazama mkono, mkono tu,
naye akashusha chake vidole vinne.
Maji yakapiga kikinga, yakateleza nyuma, yakaenda zao.
Ukungu ukaanza kurudi ulikotoka, kutoka pembeni kuja kati,
kama mgeni aliyeelewa amekaa mno.

Akapitisha kidole kwenye ule upenyo.
Akakirudisha. Kikavu.
Akakitazama kwa muda.
Kisha, akiiambia barabara, si mimi:
"Haya mabandiko ni shilingi ngapi?"

Nikasema kumi na nane.
Nilipunguza kumi, kama ningemdanganya mama aliyenizaa.

"Wamekuibia," akasema,
na hakunyamaza tena mpaka Ndanda.